Mama Alianzia Ukurasa wa Mwisho

Hail, Uarabuni, Alkhamisi

Sikumsahihisha Mama, na bado sijui kama ilikuwa huruma au woga.

Marisel, mwenzangu kazini, ameniazima tena katuni ya kwao Ufilipino. Nazipenda kuliko riwaya nyingi nilizosomeshwa chuoni, kwa sababu humo wasioonekana hukaa jirani na watu, na mtu apitaye penye kichuguu huomba radhi kwanza. Katika hii, mzimu wa mti unamchukua mtoto, na ukurasa wa mwisho umebaki mkeka mtupu na mama anayelia.

Baada ya alasiri nilimkuta Mama ameishika. Kiingereza hakijui, alizifuata picha tu. Na kwa kuwa amezoea Msahafu, alianzia upande wa kulia, mwisho wa kitabu, akaja mbele.

"Hiki kizuri, mwanangu. Mama analia weee, mara mti unafunguka, mtoto huyo anatoka! Wanakaa mkekani wanakula wali."

"Umekipenda?"

"Nnakipenda. Vitabu vyako wewe watu hufa tu, utadhani kuna tauni."

Nilicheka. Tangu tumzike kaka yangu Nassor, Mama hakuwa amenitania hata mara moja.

Nilifundishwa kwamba hadithi ina njia moja, aliyoipanga mwandishi. Huenda ni kweli. Huenda pia namdharau Mama kwa kumficha, yeye aliyemuosha uso mwanawe kwa mikono yake.

Kesho anataka nimsomee maneno yaliyo chini ya picha. Sijui nitaanzia upande gani.