Ukurasa wa Nne wa Uwanja wa Baridi

Mzee Abeid,

Shikamoo. Marahaba nitaijaza mwenyewe, kama nilivyozoea kukujazia sehemu za fomu ulizoziruka.

Hii ni wiki ya sita tangu uzikwe makaburi ya Qusais, hapa Dubai. Waliokuzika ni wanaume. Mimi nilisimama nje ya ukuta na wanawake wawili wa ofisini, sikuona kitu, nikarudi kazini. Usimamizi wa mafundi amepewa Kiprono, yule Mkenya uliyekuwa ukimwita Bwana Haraka. Hajakalia kiti chako. Anaandika akiwa amesimama, anasingizia mgongo.

Nakuandikia kuhusu uwanja wa farasi wa Kazakhstan. Unaukumbuka: wenye paa lakini bila kipasha joto, wateja wakitaka kupanda farasi hata wakati baridi imefika nyuzi thelathini chini ya sifuri. Kampuni yetu haikuwahi kujenga nje ya nchi za joto. Uliandika maelekezo kwenye daftari kwa Kiswahili chako cha Unguja, nami nikayatafsiri na kuyachapa, kurasa kumi na mbili. Ukurasa wa nne ulihusu mchanga wa juu, pale kwato zinapokanyaga. Uliandika vilevile kama kwa viwanja vyote ulivyojenga Dubai: umwagiwe maji alfajiri na jioni, mpaka ukiufinya ushike umbo la ngumi.

Kwa hapa ni sawa kabisa. Bila maji mchanga wetu ni vumbi, mguu wa farasi unazama, anateguka. Siku yangu ya kwanza ulinipeleka uwanjani na viatu vyangu vya ofisini, ukanitilia mchanga kiganjani. "Finya, mwanangu. Karani asiyeshika mchanga ataandika uongo na hatajua."

Mzee, nilipochapa ukurasa ule nilijua una kosa.

Wewe ulizaliwa Unguja na umeishi hapa zaidi ya miaka thelathini. Maji yaliyoganda uliyaona kwenye friji. Mimi nimekulia Makete, milimani. Mwezi wa saba sakitu, ule umande ulioganda, inalala juu ya viazi mpaka majani yanakuwa meusi, na mahali palipomwagika maji jioni, asubuhi pana gamba linalovunjika chini ya kiatu. Hiyo ni baridi ndogo, jua likitoka inaisha. Kule mchanga uliolowa ungekuwa saruji kwa miezi. Farasi angeteleza juu yake akiwa na mtu mgongoni.

Nilichapa hivyo hivyo. Nilihakikisha hata nukta ziko mahali pake. Nilijiambia mzee anajua, karani ni nani. Wiki ile ile, Ijumaa baada ya alasiri, moyo wako ukasimama, na Jumatatu Sir, bosi wetu, akasaini kurasa zote bila kusoma kwa sababu jina lako lilikuwa juu.

Mabomba ya kunyunyizia maji yalipoanza kupakiwa kwenye kontena, nilishindwa kula. Nilimwambia Kiprono. Nilidhani atanicheka, lakini alikuna kidevu tu, akasema ana binamu anayelinda stoo ya samaki wa barafu, huko nyuma ya Garhoud. Tukapeleka ndoo tatu za mchanga. Ya kwanza tuliilowesha mpaka ikashika ngumi, kama ulivyofundisha. Ya pili tuliiacha kavu. Ya tatu tuliichanganya na ile chumvi ambayo nchi za baridi humwaga barabarani. Tukaziacha siku mbili.

Ndoo ya kwanza Kiprono aliipiga kwa nyundo mpaka akavua koti. "Karani, leta nyundo ingine, hii imechoka," akasema. Binamu yake akauliza kama tunajenga uwanja au tunachimba kaburi, kisha akakumbuka ni kazi ya nani tunayoipima, akatusogezea ndoo ya pili. Ya pili ilikuwa laini lakini ilitutimulia vumbi machoni. Ya tatu ilimwagika vizuri. Na chumba kile hakifikii baridi ya kule.

Sasa nakuambia jambo ambalo sijamwambia hata Kiprono. Nilichapa ukurasa wa nne upya, wenye chumvi badala ya maji, na chini yake nikaweka jina lako na tarehe ya siku ulipokuwa hai. Mwandiko wako naujua, herufi mbili unazotilia saini ningeziweka bila shida. Ningeuchomeka kwenye faili na kusema ulikuwa umepotea. Jina lako lingebaki safi na mimi nisingeulizwa kitu. Ukurasa ule ulikaa mezani kwangu tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana. Nilishika kalamu. Nikaona kwamba nakutilia saini mtu ambaye hawezi kukataa, nikauchana vipande vidogo na kuvitupa kwenye mapipa mawili tofauti, maana mimi ni mwoga hata katika hayo.

Kisha nilikwenda kwa Sir na ndoo ya kwanza, niliyoitoa stoo ikiwa bado imeganda. Niliiweka juu ya gazeti, mezani kwake. Akaigonga kwa kalamu.

"Abeid amekosea?" akauliza.

"Abeid na mimi, Sir."

"Wewe ulijua tangu lini?"

"Siku niliyouchapa."

Sauti yangu ilikuwa ndogo, akanifanya nirudie. Unajua viza yangu iko mikononi mwake. Unajua pia ni wangapi nyumbani wanasoma kwa mshahara huu. Aliitazama ndoo mpaka maji yake yakalowesha gazeti, kisha akampigia simu mtu wa kontena: mabomba yashushwe, khalas, basi. Jioni akanipa barua ya onyo. Imeandikwa kwamba ya pili itakuwa tiketi ya kurudi nyumbani. Kwa kuwa kufaili ni kazi yangu, niliipokea na kuiweka mwenyewe kwenye faili langu.

Jina lako halikuondolewa. Kurasa kumi na moja ni zako: mteremko wa kutoa maji, kokoto za chini, mbao za ukutani zilizoinama ili goti la mpandaji lisigonge. Wahandisi wa kule walizisoma na hawakubadilisha mstari. Ukurasa wa nne, ule niliouandika upya, una jina langu. Nililisoma mara mbili.

Kuna kitu kimoja nimekiacha mpaka hapa kwa sababu kinanielemea kuliko vyote. Ulipokuwa unaandika ukurasa ule, uliweka kalamu chini ukaniuliza, "Ati, huko kwenu Makete, baridi yake ikoje?" Nikajibu, "Ya kawaida tu, mzee." Niliona haya. Sikutaka ofisi nzima ijue natoka mahali pa kuota moto wa kuni nikiwa nimejifunika blanketi. Ukaitikia kwa kichwa, ukaendelea kuandika. Uliniuliza, mzee. Kosa lile lisingeingia ukurasani kama ningekujibu ukweli. Nisamehe.

Kesho saa tatu asubuhi kuna kikao cha simu na wateja, na Sir ameniambia nikae mezani. Jana niliitazama michoro ya paa. Ni bati tupu. Pumzi ya farasi ishirini itapanda, itaganda chini ya bati lile, na jua likigusa paa barafu itawaangukia. Nyumbani kwetu bati lilitudondoshea maji hivyo kila asubuhi ya Julai, na hizo zilikuwa pumzi zetu sita tu. Hakuna aliyeligusia. Mchoro ule ameuchora Sir mwenyewe.

Nimeandika sentensi tatu kwenye karatasi na kuzisoma mbele ya kioo. Nakuahidi nitazisema zote tatu, hata akinikatiza, hata nikiwa nimeishika meza kwa mikono miwili.

Mungu akurehemu, Mzee Abeid. Lala salama.

Karani wako,
Neema