Kisu cha Kukunja Ulichomnunulia Baba

Mpendwa mjinga wangu, mimi wa miaka ishirini na mitatu,

Hali sikuulizi. Najua ulikuwa mzima wa afya, umejaa majivuno hadi masikioni.

Unaikumbuka ile asubuhi pale soko la Mazwi, ulivyoinamia meza ya machinga kama mwalimu wa zamu anayekagua kucha? Ulikuwa umetazama video mbili tatu za watu wanaolala porini, ukajiona umehitimu. Ukachagua kisu cha kukunja, kinang'aa, kina dira, kina kijiko, kina kifungua chupa. Chupa gani, bwege wewe, kwenye mteremko wa kwenda Wampembe kwa shangazi, wewe na Baba kwa miguu? "Hiki noma, mshikaji," alisema muuzaji, nawe ukavimba kichwa.

Baba alikuwa na kisu chake, kimefuliwa na mhunzi wa kijiji cha Kate kwa springi ya lori. Cheusi, kizito, chuma kimepita ndani ya mpini mpaka mwisho, juu kimeviringishwa mpira wa baiskeli. Ukakicheka. "Baba, hilo dude liache nyumbani, utanitia aibu kwa shangazi. Tumia hiki, zawadi yako." Akakifungua kile cha kwako, akakifunga, akakifungua tena.

"Sawa, mwanangu. Asante."

Mchana wa siku ya kwanza mlitua njiani, akaanza kukuchongea vigingi vya hema lako la maonyesho. Alikandamiza kidogo tu. Kisu kikajikunja, kikamkata vidole viwili hadi mfupa. "Nimekishika vibaya mimi," alisema, akijifunga kipande cha shati. "Kisu ni kizuri." Na wewe, bila haya, ukaamini!

Vidole vile havikukunjika tena. Miaka yote ile jembe lilikuwa likimponyoka shambani, na wewe uko kijiweni unasimulia, "Mzee wangu vitu vya kisasa hawezi." Ptuu! Nikikukumbuka natamani kukuzaba kibao.

Siku hizi watu wananiomba niwachagulie kisu cha safari. Nawaambia kisiwe cha kukunja, chuma kifike mwisho wa mpini, makali yasizidi urefu wa kiganja, ala ikibane. Wananisifu kwamba najua. Naona aibu hata kuitikia.

Tulipomaliza matanga ya Baba, Mama alinikabidhi kile kisu cheusi. Nikamwambia, laiti angekuwa nacho ile safari. Mama akanishangaa.

"Alikuwa nacho. Mimi mwenyewe nilikifunga ndani ya shuka lake."

"Sasa mbona hakukitoa?"

"Angekitoaje, na wewe ulikuwa unamtazama?"

Basi kaa huko huko uliko na kijiko chako na dira yako. Cha Baba kiko kiunoni kwangu, na kila nikikishika nakuchukia upya.

Ni mimi,
mtoto yule yule wa Baba