Betri Niliyoikata Mimi

Doha, Ijumaa, tarehe 7 Novemba.
Miaka miwili, miezi mitatu na siku kumi na moja tangu niondoke mtaa wetu wa Tena, Nairobi.

Mpendwa Mjomba,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana ina jambo ambalo sitaki ulisikie umesimama. Mimi ni mzima. Mgongo unauma kama wa mtu yeyote anayepakua makontena siku sita kwa wiki, lakini ni mzima. Leo ni siku yetu ya kupumzika na nimeshindwa kupumzika. Nimeanza barua hii mara nne. Naandika mistari miwili, nashuka kitandani, naenda mpaka kwenye bomba, nakunywa maji nisiyoyataka, narudi. Wenzangu chumbani wameniuliza kama nimepata habari za msiba.

Najua macho yako siku hizi hayapatani na maandishi, na kwamba Anti Rosa ndiye atakayekusomea. Anti, tafadhali usiruke mahali. Soma yote, hata pale utakapotaka kunitukana kwanza. Nikimaliza nitaiweka barua hii hii kwenye kikundi cha WhatsApp cha watu wa Tena, kila mtu aione. Nina sababu.

Unakumbuka siku tuliyoileta ile mashine ya gemu? Bi Halima alikuwa nayo kwenye stoo ya lojing'i yake Eastleigh, imefunikwa mablanketi, kona moja imeliwa na panya. Alituambia zamani ilikaa pale mapokezi, wageni wakicheza gemu ya ndege za vita huku wakingoja vyumba, halafu siku moja kioo kikazima na hakuna aliyejali tena. Ulifungua mlango wake wa nyuma, ukaingiza kichwa na mabega, ukakaa humo kimya mpaka Bi Halima akaniuliza, "Mjomba wako yuko sawa?" Sauti yako ikatoka ndani ya sanduku: "Iko hai hii. Imelala tu."

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Shule nilikuwa nimeachia kidato cha pili, siku za wiki nabeba mawe kwenye mjengo, Jumamosi nakuja kwako. Wewe ulikuwa umestaafu kazi ya stima, ufundi wa umeme, umekodi kile chumba cha chini kando ya kinyozi, na watu walishangaa mtu mzima kukusanya mashine za kuchezea ambazo wenyewe walishazitupa. Hukujali. Ulikuwa radhi kula ugali na chumvi lakini upate kioo cha kufaa.

Tuliilaza mashine chali juu ya mkokoteni na Bi Halima akaifunika shuka jeupe ili vumbi lisiingie. Hakuna aliyefikiria inavyoonekana. Pale First Avenue magari yalikuwa hayasogei, konda mmoja akavua kofia, akasema kwa heshima kabisa, "Poleni wazee. Mnampeleka wapi marehemu?"

Wewe, bila kugeuka: "Tena. Atafufuka Jumanne."

Haikuwa Jumanne. Ilituchukua miezi miwili. Ulisugua bodi yake ya umeme kwa brashi ya rangi na spiriti, ukabadilisha kapasita zilizovimba, ukang'oa kioo kwenye televisheni ya jirani aliyehama. Mbavu zake ulizipaka ile rangi ya bluu iliyobaki ya geti la kanisa. Siku ilipowaka, ndege zikapaa na ile sauti yake ikatoka mpaka barabarani, Odhis kinyozi alikuja mbio na mashine ya kunyolea mkononi, akacheza nusu saa. Mteja wake alikaa pale kwa kiti amenyolewa upande mmoja, akiita, "Odhis! Odhis, mimi nina harusi!" Ulicheka ukashika ukuta.

Na ile kompyuta ndogo tuliyoichezea Jumapili, ile ya kibodi tu, inayochomekwa kwenye televisheni na gemu zake ziko kwenye kaseti. Nilipenda hata ile kungoja kwake, zile kelele za kaseti kama mafuta yanayokaanga, dakika tano nzima, halafu kijumba kidogo na mtu mdogo anayeruka. Siku moja uliweka kaseti, tukangoja kelele, tukasikia kwaya ya akina mama wa kanisa. Anti alikuwa ameirekodi juu ya gemu yetu, akidhani ni kaseti mbovu kwa jinsi inavyopiga kelele. Alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, ameshika mdomo. Nilidhani utakasirika, maana kaseti ile ulikuwa umeitafuta miaka. Ulimwangalia, ukasema, "Rosa, yule mtu mdogo umemwokoa. Sasa haruki tena, anaimba." Mkacheka wote wawili mpaka Anti akakaa chini.

Nimeikumbuka siku hiyo sana huku. Nilikuona kwa macho yangu ukisamehe. Sina kisingizio cha kusema sikujua wewe ni mtu wa namna gani.

Mjomba, nafika sasa.

Kitu cha kwanza ulichonifundisha ni betri. Ukifungua bodi ya zamani, ulisema, tafuta betri kwanza. Kama imeanza kuvuja, ikate, kabla maji yake hayajala njia za shaba. Nilizikata kwenye mashine tatu na kila mara ulinipigia mluzi, ukaniita fundi. Mtu ambaye hakumaliza shule hulishika jina kama hilo kwa mikono miwili. Mimi nililishika.

Ule mwezi wa tatu ulienda Bungoma kupanda mahindi. Kabla ya kuondoka ulikuwa umepitishia lehemu sehemu mbili tatu za mashine ya ndege, ukaniachia ufunguo ukisema, "Futa vumbi tu. Usifungue kitu mpaka nirudi." Siku ya pili nilifungua. Niliiona betri yake, na upande mmoja ilikuwa na unga mweupe. Nilifikiri, akirudi akute nimeshaitoa, hata bila kuambiwa. Nikachukua koleo yako, nikaikata.

Nilipowasha, kioo kizima kilikuwa bluu. Hakuna ndege, hakuna sauti, bluu tupu kama ile rangi ya geti. Nikazima, nikawasha. Nikazima, nikawasha. Kisha nikafanya jambo ambalo limenikosesha raha mpaka leo. Nilichukua ile betri, nikairudisha mahali pake, nikailehemu kwa chuma chako, taratibu, na kuisugua ili ionekane haijawahi kuguswa. Katika maisha yangu sijawahi kulehemu vizuri kama siku hiyo. Kazi yangu safi kuliko zote ilikuwa ya kukudanganya.

Ulirudi na gunia la viazi vitamu. Ukawasha. Ukaniuliza, kwa upole, "Uligusa?"

"Hapana, Mjomba."

Uliangalia mashine, ukaangalia vidole vyako. "Basi ni mimi. Nimeichoma nilipopitisha lehemu."

Ningeweza kusema wakati ule. Ningeweza kusema kesho yake, au mwezi wa tano ulipokuwa ukipima kila njia ya bodi kwa ile mita yako, moja moja, ukiandika kwenye daftari. Nilikuona ukilehemu upya sehemu ambazo hazikuwa na kasoro. Mkono wako wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka kidogo, kitu kidogo tu cha umri, lakini wewe ulishaamua kwamba ndio ulioua mashine, na kadiri ulivyouangalia ndivyo ulivyozidi kutetemeka. Nami nilikuwa kando yako nimekushikia tochi.

Odhis alisema mbele ya watu, "Mzee, mikono imestaafu, umebaki wewe tu." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, Mjomba. Hilo nalo liandikwe.

Kabla ya Krismasi ulifunga chumba, mhamie Bungoma. Mashine ukaipeleka kwa Mama kule Tassia. Ukaniita, ukanipa chuma chako cha kulehemu kikiwa kimezungushiwa waya wake, ukasema, "Chukua wewe. Mikono yako bado inatulia." Nikakipokea. Nilisema asante! Kiko hapa chini ya mto wangu wa kulalia, nimekuja nacho mpaka nchi hii na sijawahi kukichomeka.

Juzi Anti aliniambia kwenye simu kwamba swichi ya sebuleni iliharibika na ukaita kijana wa sokoni kuibadilisha. Wewe. Ulikaa nje mpaka akamaliza. Nilikata simu nikisingizia mtandao.

Ukiniuliza kwa nini naandika leo na si mwaka jana, jibu ni kontena. Wiki tatu zilizopita tulipakua mashine za zamani za gemu, za ukumbi mmoja wa michezo, nami nilizishusha kama mtu anayebeba mayai, mpaka msimamizi akauliza kama nimeugua. Fundi aliyekuja kuzikagua ni Mfilipino, jina lake Nestor. Alifungua moja na nikaona bodi kama yetu na betri kama yetu. Nikajitia ujuzi. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, kata hiyo betri, itakuharibia bodi.

Aliupiga kofi mkono wangu niliokuwa nimeunyoosha. "Ukiikata unaiua!"

Akanieleza, na nitakueleza kama nilivyoelewa. Bodi nyingi betri yake hutunza alama za wachezaji tu, ukiikata hupotezi kitu. Lakini bodi za aina hii betri hutunza siri ambayo bila hiyo mashine haiwezi kuisoma gemu yake yenyewe. Umeme wa betri ukikatika, siri inafutika, na kuirudisha betri hakurudishi siri. Ndiyo maana inabadilishwa haraka, nyingine ikiwa tayari mkononi. Akaniuliza, "Wewe uliona wapi bodi kama hii?"

"Nyumbani. Kioo kilikuwa rangi moja."

"Rangi gani?"

"Bluu."

Aliniangalia. "Nani aliikata?"

"Mimi."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka, na nililitamka mbele ya mtu asiyekujua. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimejificha kwenye labda. Labda ni betri, labda ni lehemu yako, nani ajuaye. Nestor aliniondolea labda. Hukuiua mashine, Mjomba. Hapakuwa na kosa lolote kwenye lehemu zako. Ulipima bodi nzima na kuiona haina kasoro kwa sababu haikuwa na kasoro, na hakuna mita duniani ingekuonyesha kilichopotea. Mikono yako ilikuwa ikisema kweli, ni mimi niliyesema uongo.

Nestor anasema inafufuka. Kuna kijibodi kidogo kama kucha ya kidole gumba, kinachoiandika ile siri upya. Kinalehemiwa nyaya chache nyembamba. Amenipatia kimoja na kunionyesha mara mbili kwenye bodi mbovu. Akauliza kama kule nyumbani kuna mtu wa kulehemu nyaya nyembamba hivyo. Nikamwambia yuko, na ana mkono mzuri kuliko wako. Akacheka. Mimi sikuwa nafanya mzaha.

Ndiyo maana naiweka barua hii kikundini. Kosa nililala nalo peke yangu, lakini wewe ulichekwa mbele ya watu. Odhis, ukifika hapa, soma mara mbili: mikono ya mjomba wangu haikustaafu. Ilistaafishwa na mpwa wake.

Sikuombi unisamehe haraka kwa kuwa ulimsamehe Anti. Anti hakujua. Mimi nilijua, na nilikuacha uhame Nairobi ukiiogopa mikono yako mwenyewe. Ukitaka kunifungia mlango, una haki. Ila ningekuomba ufunge baada ya kuiona mashine imewaka.

Bado iko kwa Mama. Ameweka televisheni na chupa ya chai juu yake, ameitandikia kitambaa cha kusuka, anaiita kabati. Alikuwa amemwahidi fundi wa makochi mbao zake. Nimempigia leo asubuhi nikamwambia asimpe mtu hata msumari. Amesema, "Wewe na mjomba wako mna wazimu mmoja." Nimefurahi kusikia hivyo kuliko alivyojua.

Nimesimama tena, nimetembea mpaka getini na kurudi. Mlinzi ameshazoea. Miguu inataka kwenda na mkataba bado unanishika, siku arobaini na tatu. Nazihesabu kama mtu wa jela.

Chuma chako cha kulehemu nitakirudisha kwa mwenyewe. Kijibodi nimekifunga ndani ya soksi safi, ndani ya soksi nyingine. Mkono ukitetemeka, tutangoja utulie, hatuna haraka. Lakini mimi sitalehemu hata waya mmoja. Nitakushikia tochi, na safari hii sitagusa kitu.

Mkataba unaisha tarehe ishirini Desemba. Tarehe ishirini na mbili nashuka Nairobi, naenda Tassia, naiondolea mashine chupa ya chai, na kuipakia kwenye lori la mtu wa Kimilili, huko kwenu Bungoma, ambaye Mama anamjua. Nitaifunika blanketi, si shuka jeupe. Tarehe ishirini na nne, kabla ya saa sita mchana, tutakuwa mlangoni kwako, mimi na yule marehemu.

Mpwa wako,
niliyegusa.