Gari Lisilonguruma

Karatu,
12 Septemba 2009

Dada yangu mpendwa Esta,

Bwana Yesu asifiwe. Naamini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto wote, na kwamba lile goti lako limepata nafuu tangu ukubali kutuma mtu akate majani ya ng'ombe badala ya kwenda mwenyewe. Sisi huku hatujambo. Jackline anakusalimu, ingawa wiki hii tumenuniana kidogo. Anasema nikiwa nyumbani ni kama ameolewa na ukuta. Mvua bado, na vumbi la Karatu unalijua, tunalila pamoja na ugali.

Utashangaa kupata barua wakati simu ninayo na namba yako naijua kwa kichwa. Sababu ipo na nitakueleza, ila naomba uniache nianze na magari, maana siku hizi siwazi kitu kingine, hata kanisani.

Bosi wangu Mzee Valeriani unamkumbuka, yule Mwiraqw mwenye nyumba ya wageni na magari ya safari. Rafiki yake mmoja Mholanzi amekubali kumsaidia anunue gari lisilo na moshi mwingi wala kelele, kwa ajili ya kuteremsha wageni ndani ya kreta kuona wanyama. Yakaletwa magari mawili ya kujaribu. La kwanza ni Land Rover kuukuu lililong'olewa injini yote likajazwa betri, linakwenda kwa umeme mtupu. La pili ni Toyota Harrier ya haibridi, yaani ina injini ya petroli na betri pia, na yenyewe huamua itumie kipi na saa ngapi. Silvanus fundi wetu anaiita chotara. Valeriani alitukusanya madereva wote, akanigeukia mimi, akasema, "Nitanunua utakalosema wewe." Dada, siku ile nilitembea uani kama nimeapishwa uwaziri.

Tulianza na hiyo chotara. Silvanus alifungua boneti akaizunguka kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba asiyoijua. Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba ukiteremka mlima, betri inajaa yenyewe. Dizeli zetu zikiteremka kreta zinanuka breki tu, hii inavuna. Niliuliza maswali hadi Mholanzi akachoka na mimi. Ule mteremko upo tangu Mungu aumbe dunia, na miaka yote tumekuwa tukiuteremka bure. Ubaya wake ni tumbo, liko chini mno. Mawe ya kule yalilikwangua mpaka nikawa nakaza meno. Tena haina paa la kufungua, na wewe fikiria mzungu aliyevuka bahari halafu umwambie amtazame kifaru kupitia kioo cha dirishani.

Valeriani alitaka tumweleze injini ya petroli inaingia kazini wapi njiani, na inatoka wapi ikaiachia betri. Nilikuwa na Koinet, mwongoza wageni wetu, Mmasai aliyekulia Endulen. Akaigeuza kazi hiyo kuwa mchezo: akafumba macho, akawa anasikiliza tu na kusema imeingia, imetoka, imeingia, na kila mara amepatia. Zamu yangu ikafika. Nilikosea karibu zote, zile chache nilizopata niliibia kwa kuchungulia kile kioo cha mbele ya usukani kinachoonyesha. Nikasema vumbi limeniziba masikio, tukacheka, tukaenda kunywa chai.

La umeme lilitupa vituko vingine. Usiku wa kwanza tulilichomeka nyumba ya wageni, umeme ukakatika, asubuhi likaamka na nusu tumbo na safari ikaahirishwa. Basi tukalipeleka kambini kwetu kule ukingoni mwa kreta, tukalichaji kwa jenereta. Silvanus akauliza, jenereta ikinywa dizeli, na gari likinywa jenereta, gari linakunywa nini. Mholanzi alicheka, lakini jibu sikulisikia vizuri.

Kesho yake tukateremka na wageni wanne waliokubali kuwa wa majaribio. Dada, nitakuelezaje? Unakanyaga, nyasi zinarudi nyuma, na hakuna kinachonguruma. Pundamilia hawakuinua hata vichwa. Wageni walianza kunong'ona, kama watu walioingia kanisani kwa kuchelewa. Mimi nikaona raha. Nilijiambia ukimya wa namna hii sijawahi kuukuta duniani.

Tulipofika msitu wa Lerai nilisimamisha chini ya migunga. Nilikaa nikitabasamu, mikono kwenye usukani. Ghafla Koinet akanipiga bega kwa nguvu, nikageuka, na nje ya dirisha langu ukaisha msitu, akaanza tembo. Dume, dada, pembe zinakaribia kugusa kioo cha pembeni. Nikarudisha gari nyuma polepole, naye akavuka njia akaenda zake. Wageni walinipongeza kwa ujasiri. Mama mmoja alisema hajawahi kuona dereva mwenye moyo mtulivu kiasi kile.

Jioni tukiwa kambini Koinet alikuja kukaa karibu nami. Alisema tembo yule alikuwa akivunja matawi muda mrefu kabla ya kutokea, na wageni wote walimsikia. Alisema aliniambia nirudi nyuma, akarudia, akarudia tena. Kisha akaniuliza taratibu, "Hukunisikia, au ulinisikia ukanyamaza?"

Nilimwambia nilisikia. Nilimdanganya, Esta. Kwenye dizeli watu wote hupaza sauti ili waishinde injini, kwa hiyo nawasikia vizuri, na nilidhani niko sawa na wenzangu. Gari la umeme lilipowapa watu nafasi ya kunong'ona, nikabaki peke yangu ndani yake. Ule ukimya niliousifu haukuwa wa gari. Ni masikio yangu yanayokufa.

Sasa unajua kwa nini nimeandika. Kila ulipopiga nikakwambia mtandao wa Karatu ni mbaya, mtandao ulikuwa mzima. Na Jackline hajaolewa na ukuta, ameolewa na kiziwi mwoga. Niliogopa, dada. Dereva wa wageni asiyesikia, nani atampa ufunguo?

Kwa hiyo nilikwenda kwa Valeriani nimepanga kumwambia anunue haibridi. Nilianza na umeme kukatika, nikaenda kwenye gharama ya jenereta, nikamalizia na betri ambazo hakuna fundi wa hapa anayezijua. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na bado nilijiona mwongo, kwa sababu nilikuwa nachagua injini ya kujifichia. Akaniuliza kama nisingekuwa na hofu ya umeme kukatika kabisa, ningeteremka kreta na lipi. Nikamwambia la umeme, tena bila shaka yoyote, na kwamba lisiendeshwe na mimi, na sababu yake.

Alikaa kimya, au labda alisema kitu nisichosikia. Halafu akasogeza kiti mpaka magoti yetu yakagusana, akasema kwa sauti kubwa, "Miaka yote hii nilidhani unanidharau."

Hapo nikamkumbuka baba. Unakumbuka walivyosema pale kijijini kwamba fedha ya kahawa imempa majivuno, hajibu salamu za watu? Hata mimi niliona aibu kutembea naye. Wewe peke yako ulikuwa unamgusa bega kwanza ndipo unasema naye. Hukutueleza kwa nini, na sisi hatukuuliza. Amezikwa na sifa ya majivuno, na mimi nililia ofisini kwa Valeriani kwa ajili yake zaidi ya kwa ajili yangu.

Valeriani amechukua la umeme. Litakaa ukingoni na Koinet ndiye ataliendesha, amefurahi mpaka anaona haya kuniangalia. Mimi nimepewa ruhusa nije hospitali hapo Moshi wanipime, kisha tutajua kama narudi kwenye dizeli yangu au nabaki uani kufundisha wengine. Jackline nitamwambia leo, nikishamaliza kuandika. Nimeona nianze na wewe ili nijue inavyosemwa.

Nisalimie shemeji, watoto, na majirani wote, hasa wale waliokuwa wakimsema baba. Natarajia kufika kwako Jumatano jioni. Nitapiga hodi kama mtu mwenye adabu zake, lakini nakujua, wewe huitikia "karibu" ukiwa huko huko jikoni, nami nitabaki nimesimama nje nangoja. Toka, dada, uje mlangoni uniguse bega.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Elimringi