Jina la Kumi na Tatu

Barani, Malindi. Jumamosi, alasiri.

Mvua ya vuli imesita tangu saa nne na hewa imekuwa nzito kama nguo isiyotaka kukauka. Majirani wanafua. Mimi nimekaa mezani tangu nilipokata simu asubuhi, na chai niliyoimimina imefanya utando juu.

Kesho, ibada ikifika mahali pa kusoma majina ya waliokufa vitani, na langu litasomwa.

Naandika ili nione kama jambo hili litapungua nikiliweka kwenye mistari. Mpaka sasa halijapungua.

Wanaopita humu bloguni mara kwa mara wanajua kwamba kwa miaka minne nimekuwa nikikusanya historia ya kanisa letu, lile dogo la upande wa ndani kutoka Gede, lenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa palepale uwanjani. Waliolijenga walikuwa wakulima. Hawakukaa sana kwenye viti vyao kabla ya vita vikuu vya kwanza kuwafikia, navyo viliwafikia kwa sura ya watu waliokuja kutafuta wapagazi. Vijana kumi na wawili wa kanisa hili walibebeshwa mizigo ya jeshi kuelekea Tanganyika. Hakurudi hata mmoja, wala hakuna kaburi linalojulikana. Miaka kadhaa baadaye jiwe likabandikwa ukutani, kulia kwa mimbari, na juu ya majina yao pakaandikwa WALIOJITOLEA.

Mama Kadzo, mkubwa wetu sote kwa umri pale kanisani, hulitazama neno hilo kama mtu aliyeona nzi kwenye maziwa. Jina la kwanza ni la mjomba wa mamake.

"Alitoka kuchuma mbaazi akafungwa kamba kiunoni," aliniambia siku nilipomhoji. "Labda kamba ndiyo iliyojitolea, Mwalimu."

Kila Novemba, Jumapili ya kumbukumbu, majina yale husomwa moja moja, na kila jina lina mtu wa damu yake anayesimama na kuitikia: "Hajarudi." Haitamkwi kwamba amekufa, maana hakuna aliyewaona wakifa. Nimesoma vitabu vingi vya vita na sijaona mahali pengine wanapofanya hivi. Jamaa wa mtu wakiisha, wazee humpa jina lake mtu mwingine alitunze. Nilipokuja kufundisha huku, kijana wa bara nisiye na ndugu upande huu wote wa pwani, nilipewa la saba, Kalume wa Ngoa. Nimemwitikia miaka arobaini na moja. Namjua kuliko ninavyowajua watoto wa kaka yangu.

Mwaka huu herufi zilikuwa zimelika mpaka ukawa unazisoma kwa vidole. Wazee wakaamua lichongwe jiwe jipya. Nani ana orodha sahihi? Mwalimu. Niliyaandika majina kumi na mawili kwa herufi kubwa, kama fundi alivyotaka, nikayakagua mara tatu kwenye daftari la ubatizo. Kisha mkono wangu ukafanya kile ambacho umekifanya kwa kila karatasi tangu chuo cha ualimu. Ukaandika chini jina la aliyeandaa. Kwa herufi kubwa zilezile, bila mstari wa kutenganisha.

Fundi Kambi alichonga yote.

Jana asubuhi shuka lilipoondolewa tulikuwa wanne tu: fundi, Mama Kadzo, mimi, na Mzee Baya, ambaye ndiye msomaji wa majina. Niliyafuata kwa kidole kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. La kumi na mbili lilikuwa sawa. Chini yake, kwa ustadi uleule, ABSALOM ODERA.

"Kuna kosa, mzee?" aliuliza fundi.

"Hili la mwisho ni jina langu."

Alilitazama jiwe, akanitazama mimi. "Mimi nilidhani ni askari wa bara aliyefia huku. Sikujua unaitwa hivyo. Kila mtu hapa anakuita Mwalimu." Akaona sijacheka, akajaribu kunichekesha. "Basi usiwe na wasiwasi, mzee. Wewe ushakufa na saruji ishakauka. Hakuna ajali itakayokupata tena."

Nikiri jambo hapa, kwa sababu kwingine sitaweza. Kabla hofu haijafika, kwa muda wa pumzi moja, nilifurahi. Nimeishi katika nyumba za watu wengine tangu ujana wangu, na sijawahi kuliona jina langu mahali ambapo haliwezi kuhamishwa.

Mzee Baya alisema hakuna neno, Jumapili atalipita tu, na wiki ijayo fundi atalijaza saruji, wageni wa dayosisi watakaokuja kwa ibada wakishaondoka.

"Hulipiti," akasema Mama Kadzo.

"Mama, mtu mwenyewe huyu hapa, anapumua."

"Lililochongwa limeitwa. Na likiitwa likakosa wa kuliitikia, hutoka likajitafutia mtu. Baya, wewe unajua yaliyompata msomaji aliyeruka la tisa."

Mzee Baya alivua miwani akaitia mfukoni.

Mimi ni mtu wa maandishi, kwa hivyo nikaenda sakristia kutazama daftari la mazishi. Ni kweli. Msomaji yule, ambaye simtaji, alizikwa Alhamisi iliyofuata Jumapili ile. Ni kweli pia kwamba daftari limejaa mazishi ya wiki nyinginezo, na hakuna aliyeruka jina lolote. Nililifunga. Halafu nikalifungua tena, nikatazama tarehe ile mara ya pili.

Nilirudi kwa Mama Kadzo, ambaye alikuwa amekaa barazani akijipepea na kitabu cha nyimbo. Nikapendekeza kwamba mtu yeyote apewe jina langu, kama mimi nilivyopewa la Kalume. Hata fundi, kwa kuwa kosa tumelifanya wawili.

"Mtu hajiitikii mwenyewe, wala haitikiwi na mgeni wakati damu yake ipo," alisema. "Kalume jamaa zake wameisha. Na wako, Mwalimu, wameisha?"

Nilimwambia mvua inakaribia, niwahi nyumbani. Lilikuwa jibu la kitoto.

Jamaa zangu hawajaisha. Baba alipogawa shamba, mimi na kaka yangu Ochieng tuligombana juu ya mpaka, kando ya mto kule kwetu. Akaniambia nisikanyage tena pale. Nilikuwa na hasira moyoni na barua ya kazi ya Malindi mfukoni. Kwa muda mrefu nilisimulia kwamba nilifukuzwa. Ukweli ni kwamba Ochieng alinifukuza mara moja tu. Miaka mingine yote nilijifukuza mwenyewe. Baba alipofariki habari ilinifikia kwa tangazo la redioni siku nne kabla ya mazishi, muda wa kutosha kabisa kufika. Sikwenda. Sikuandika.

Namba ya dada yangu Atieno ninayo miaka sita, tangu mwalimu mwenzangu alipokutana naye Kisumu na kuiomba bila kunitaja. Leo saa tatu asubuhi ndiyo mara ya kwanza nimeipiga.

"Absalom gani?" aliuliza.

Nikamwambia.

"Ng'ombe aliyekupiga pembe ulipokuwa mdogo," akauliza, "alikuwa na rangi gani?"

"Hakuwa ng'ombe. Alikuwa mbuzi, na wewe ndiye uliyemchokoza."

Akalia. Kisha akacheka Kijaluo changu, akasema nimekuwa kama Mswahili anayesoma habari redioni. Nilicheka pia, na kwa dakika kama tatu nilikuwa mtu mwenye dada. Halafu sauti yake ikashuka.

"Absalom, wewe tulikuzika."

Mama, akiwa kitandani siku zake za mwisho, alikataa kuondoka akiacha mtoto asiyejulikana alipo. Ochieng akaenda mtoni, akakata tunda la yago, lile refu na zito kama mkono wa mtu. Kwetu ndilo huzikwa badala ya mwili usiopatikana. Wakalitia kwenye sanduku, wakalia, wakalifukia kando ya baba. Kuna msalaba wenye jina langu. Nilimwuliza mwaka, akanitajia. Mwaka huo nilikuwa na darasa la saba, nikila vizuri na kulala vizuri. Sikuhisi chochote.

Nikamweleza habari za jiwe, na kwamba kesho nahitaji mtu wa damu yangu aseme neno moja.

"Neno gani?"

"Hajarudi."

"Unajua unachoniomba?" alisema. "Ochieng ndiye mkubwa wa boma sasa. Nikisema hujarudi, nimesema hukufa, na pale kaburini mna tunda bure. Yeye husema kaburi likishachimbwa kwa jina la mtu, mwenyewe akionekana yu hai, litataka mwingine. Ana wajukuu, Absalom. Wanacheza palepale."

Watu wawili wasiojuana, mmoja huku Gede na mwingine kandokando ya ziwa, wameniambia jambo moja katika siku mbili. Mimi siliamini. Ninaliandika kwa sababu nimegundua kwamba kutoamini kwangu hakunisaidii kuinuka kwenye kiti hiki.

Alisema atafikiri. Nikampelekea Mama Kadzo ujumbe kupitia mjukuu wake wa kike, mwenye duka karibu na kanisa, nikiuliza kama damu inaweza kuitikia kwa simu. Jibu lilirudi upesi: sauti ni sauti, hata ikipitia kwenye kidude, mradi iwe ya kwao.

Niliinuka mara moja tu, nikapiga pasi shati jeupe, nikarudi mezani. Nilianza kumwandikia Ochieng barua, nikafika "Kaka yangu mpendwa," nikaona nimedanganya katika maneno matatu ya kwanza.

Saa tisa na dakika kumi ujumbe wa Atieno ukaingia. Naunakili kama ulivyo, nikiutafsiri tu:

"Nimemwambia. Amekataa. Anasema mambo ya kaburi hayaongelewi kwa simu, na kwamba uliyachagua mwenyewe. Kesho nitakuwa nyumbani kwake, kuna kikao cha boma, siwezi kukosa. Wewe piga. Nitaitikia hata akiwa amesimama mbele yangu. Ukisikia kimya, ujue amenipokonya simu."

Nimeusoma mara nyingi. Ungekuwa insha ya mwanafunzi ningeusifu kwa kutokuwa na neno la ziada.

Kwa hivyo kesho itakuwa hivi. Nitakaa kiti changu cha karibu na dirisha. Litakaposomwa la saba nitasimama na kumwitikia Kalume, kama kawaida, na nadhani sauti itatoka. Yatafuata matano, na kila moja lina mtu wake. Hapo Mzee Baya ataiweka simu juu ya mimbari, spika ikiwa wazi, na kusoma jina langu mbele ya watu ambao wengi wao watakuwa wanalisikia kwa mara ya kwanza. Mimi siruhusiwi kujiitikia. Nitakachoweza ni kusimama tu na kusikiliza.

Nimejiuliza ninachokiogopa hasa, kwa kuwa kifo, katika umri huu, ni jirani ninayemjua kwa sura. Ninachokiogopa ni kile kimya. Na ninamwogopea Atieno, katika boma lile, akiwa na simu mkononi, kwa ajili ya mtu ambaye hakumpigia miaka arobaini.

Ningeweza kumwambia aache. Bado kuna muda wa kumwandikia. Je, nitamwandikia?

Simu iko kwenye chaji. Betri ilijaa zamani, lakini sijaichomoa.