Neno Nililoandika kwa Fomu ya Taprandich

Jumatatu, 3 Machi
Mvua. Nimefungua ofisi saa moja na nusu nikidhani niko wa kwanza. Wapi! Wakili Wambui ameshafika, viatu vimejaa matope. Huyu mama atatuua na kazi. Mawakili wengine wa Kericho wanakimbilia kesi za mashamba. Yeye ni pensheni tu, za wachuna chai na wapishi wa shule. Miaka tisa mimi ni karani wake, sijamwona akimfukuza mtu mlangoni.

Leo amekuja Chelangat, kutoka Kimulot. Aliyemwoa ni mwanamke, Mama Taprandich, mchuna chai asiyejaliwa mtoto. Mila yetu Wakipsigis: mwanamke asiyezaa huoa mke amzalie, nyumba isizimike. Watoto watatu wanaitwa kwa jina la Taprandich. Sasa Taprandich amefariki, na wadhamini wa pensheni wanasema Chelangat si mke, ni mfanyakazi wa nyumba. Fomu ya pensheni aliyojaziwa marehemu inasema hivyo. Ndugu ya marehemu ameishika hiyo fomu, anataka Chelangat na watoto wafunge virago.

Wakili akanipa nakala niweke kwa faili. Nikaisoma mara mbili kabla ya kuifungia.

Jumanne, 4 Machi
Mwandiko ni wangu.

Kabla ya kuja hapa nilikuwa karani wa kampuni ya chai. Taprandich hakujua kusoma. Alitaja, nikajaza, akaweka dole gumba. Alisema "mke wangu". Kwa sauti, bila haya. Mimi nilikuwa nimeokoka juzi juzi, nikaona wakubwa wa Nairobi watatucheka. Nikaandika "mfanyakazi wa nyumba".

Mjinga mimi. Na bado sijamwambia Wakili.

Jumatano, 5 Machi
Kimulot. Wakili ameketi na wazee tangu asubuhi. Mursik, maziwa yetu ya mgando yenye unga wa makaa, akamaliza kibuyu kizima, hakukunja uso. Ameuliza ng'ombe walikuwa wangapi, nani alifungwa nyasi mkononi siku ya harusi. Mkikuyu anauliza mila yangu kwa heshima kuliko mimi mwenyewe! Nilikuwa natafsiri.

Mashahidi wawili wa harusi wameshafariki. Aliyebaki anachanganya mambo. Chelangat amenishukuru kwa kufika. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 6 Machi
Kesho ndiyo kikao cha wadhamini. Wakili anasema fomu ndiyo inatumaliza. Asubuhi nimegombana na bibi yangu juu ya chumvi. Chumvi!

Saa kumi nikaingia kwa Wakili bila kubisha, nikasema yote. Hakushtuka.

"Mwandiko wako nausoma kila siku, Mzee Koech. Nimekungoja tangu Jumatatu. Kesho asubuhi ningekuuliza mbele ya Chelangat."

Akasukuma karatasi tupu na kalamu. Kiapo niandike mwenyewe, kwa maneno yangu. Akatoka akafunga mlango ili nilie peke yangu. Nililia. Mtu kama huyo utampata wapi?

Ijumaa, 7 Machi
Nimesoma kiapo mbele ya wadhamini. Mmoja akauliza kwa nini niliandika uongo. Nikajibu: aibu. Chelangat alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwangu. Sikuweza kumwangalia.

Wakili hakunitetea wala kunikanyaga. Alisimama akaeleza nyumba ya Taprandich kama aliyezaliwa ndani yake: ng'ombe, nyasi, majina ya watoto. Hata ndugu ya marehemu aliinamisha kichwa. Wadhamini wakatoka, wakarudi.

Mke. Wameandika mke.

Jumamosi, 8 Machi
Jua kidogo. Nilikuja kuchukua vitu vyangu, nikidhani kazi imekwisha. Wakili ameniwekea faili tatu mezani, za kazi ya Jumatatu.

Saa nne Chelangat akaja na fomu ya madai. Anajua kuandika, tena vizuri. Akanipa mimi nijaze. Uhusiano na marehemu. Nikaandika polepole: mke. Aliangalia kalamu mpaka nikamaliza, akasoma, akakunja karatasi.

Kisha akauliza kama kuna chai. Nikaenda kuchemsha.