Msimu wa salfa bila kidonge hata kimoja

Jumamosi. Jua limetoka mapema hapa Rondo, na mwili wangu mwepesi.

Nisameheni kwa ukimya. Tangu mwezi wa tano sijaandika hata mstari. Nilikuwa nachoka, halafu niliogopa kutangaza jambo kabla halijatimia.

Leo limetimia. Mikorosho yote ya kijiji imeshapuliziwa salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ukungu, na sijameza kidonge hata kimoja.

Kwa asiyenijua: nina pumu tangu utoto, na vumbi la salfa hunibana kuliko kitu chochote. Miaka sita ya ndoa, mume wangu akienda kununua mifuko ya salfa, alipitia duka la dawa kunichukulia vidonge vya predinisoloni, kama vile na mimi ni mkorosho wa kuhudumiwa kwa msimu. Kifua kilifunguka haraka, nani angeuliza zaidi? Nikawa nameza hata msimu ukiisha. Mashavu yakajaa. Watu wakasema nimenawiri.

Mwaka jana niliinama kumnyanyua binti yangu Nasma, mgongo ukalia. Picha ikaonyesha pingili moja imebonyea. Daktari mjini Lindi akaniuliza, "Nani alikuandikia dawa hii miaka yote?"

Nikamtajia duka la dawa.

Akanieleza taratibu. Vidonge vile vinamwokoa mtu aliyebanwa, lakini ukivimeza miaka na miaka vinadhoofisha mifupa. Tena akanikataza kuviacha ghafla, maana mwili ulishavizoea. Tukapunguza kidogo kidogo, miezi mingi, huku navuta inhela ya kinga asubuhi na jioni, hata siku ninayojiona mzima.

Nakiri, kuna siku nililia nikikitaka kidonge. Nilikuwa nafua kanga moja napumzika mara mbili.

Msimu ulipofika nikasema mwaka huu siendi shambani alfajiri kubeba ndoo watu wakipulizia. Mume wangu akaguna, "Watu watasema nimeoa malkia."

"Waambie malkia ana mgongo wa kulinda."

Nikamchukua Nasma tukahamia kwa mama yangu Lindi mpaka vumbi likatulia. Kifua kilibana mara mbili tu, na mara zote inhela ya bluu, ile ya kufungua kifua, ilitosha.

Juzi daktari alinipima, akaniruhusu kumbeba mtoto kidogo. Jana tulipoteremka kwenye gari nikamfunga mgongoni, nikatembea naye mpaka mlangoni. Mwaka mzima nilikuwa sijaisikia pumzi yake shingoni kwangu!

Mama mkwe akatupokea, akanitazama usoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkamwana. Mbona umepukutika? Mwanangu hakulishi?"

"Ananilisha. Yale mashavu yalikuwa ya vidonge."

"Ala! Na mimi nilivyokuwa natamba nayo kisimani!"

Tulicheka mpaka Nasma akaamka.

Sasa dada yangu Zuhura uliye mbali, najua hapa unasoma, na umeniuliza mara tatu nikutajie ninachohitaji. Inhela ya kinga mbili, ile ya kahawia, maana huku kwetu huadimika madukani. Ya bluu ninayo. Vidonge vya madini ya chokaa vya miezi mitatu, kama alivyoandika daktari, cheti nakutumia kwa simu. Barakoa nzito pakiti moja. Na raba za kutembelea, namba thelathini na nane, maana nimeambiwa nitembee kila siku na nisianguke. Usichague za kupendeza. Chagua zinazoshika ardhi.